Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi

Kisanduku hiki nilikinunua kwa bei ya nusu mita ya kuni.
Ndani mna feni, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba,
mna uzi wa mwanga mwekundu, na jicho.
Hewa ikivutwa, vumbi hupita mbele ya uzi,
humeta mara moja, jicho likahesabu.
Ndiyo kazi yake yote: kuhesabu chembe
ambazo macho yangu, tangu nizaliwe hapa Coyhaique,
hayajawahi kuziona,
na mapafu yangu hayajawahi kuzikosa.

Baba alicheka. "Moshi," alisema, "unaonekana bure."

Kwanza nilikipandisha juu ya paa la zimamoto,
pale serikali ilipoweka mashine yake yenye kiyoyozi,
ghali kuliko nyumba yetu na ya jirani.
Wiki sita vilikaa bega kwa bega, tajiri na maskini,
vikivuta pumzi ileile,
nami nikiandika kila kimoja kilichosema.
Changu kilikuwa mwongo, lakini mwongo mwaminifu:
kiliongeza chumvi kwa kiasi kilekile kila siku,
na ukungu ukishuka bondeni kiliongeza zaidi,
maana tone la maji nalo humeta,
na jicho la bei rahisi halijui kutenga umande na masizi.
Mtu akikudanganya kwa kipimo kimoja kila siku
unaweza kuishi naye. Unatoa.

Kwa hiyo: zidisha kwa nukta sita,
toa sehemu ya kumi ya unyevu,
ongeza nne.
Mia nne na kumi na mbili, unyevu tisini na moja,
huwa mia mbili arobaini na mbili.
Afadhali, nikajiambia, kisha nikasita:
afadhali ya nini?

Julai, baridi ikiuma hadi kwenye vitasa,
nilichora mstari wa siku nzima.
Asubuhi kilima. Mchana tambarare.
Na saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, kila jioni,
mlima umesimama wima kama uliochongwa kwa shoka.
Wastani wa siku ulitoka themanini na tisa.
Wastani ni blanketi: humfunika anayekohoa
pamoja na asiyekohoa,
na wote wawili huonekana wamelala.

Nani anawasha saa hiyo?
Nikatazama ng'ambo ya uzio, kwa Bi Eduvina Barría,
miaka themanini na mmoja,
anayechoma kuni mbichi kwa kuwa ndizo anazozimudu,
anayemwomba paka ruhusa kabla ya kuketi.
Nikaandika jina lake kwa penseli juu ya kilele.
Nililiandika kirahisi,
kama mtu anayejaza fomu ya mwingine.

Alhamisi tulimpeleka Baba hospitali. Kifua.
Tulilala huko, kwenye viti vya plastiki.
Niliporudi nikafungua hesabu za usiku ule:
kumi na mbili na dakika kumi, tambarare.
Na robo, tambarare.
Nilivuka uzio nikamwuliza Eduvina kama aliwasha.
"Nisipowasha," akajibu, "paka hanisemeshi."
Mlima haukuwepo kwa sababu sisi hatukuwepo.

Nilikaa jikoni bila kuvua koti.
Wahenga wana neno juu ya nyani; sikuhitaji kulimaliza.
Nikachukua kifutio. Penseli hufutika,
ila karatasi imebaki na alama ya jina,
kovu linaloonekana ukiinamisha taa.

Baba amerudi jana na dawa ya kuvuta mdomoni.
Kuni ziko bandani, alizipasua mwenyewe mwezi wa Mei,
bado zinatoa povu nchani zikiingia motoni.
Nje ni nyuzi saba chini ya sifuri.
Katika kanuni yangu sikuweka mahali pa kuandika baridi,
wala mahali pa kuandika baba.
Saa kumi na mbili na dakika tano
ananyoosha mkono apewe kiberiti.

Ninampa.
Chini ya paa, feni ndogo kama ukucha
inaendelea kuvuta.