Nakala Mbili

Dakta Ngowa hugonga kaunta kwa ufunguo,
ti, ti, kabla hajanisalimu.
Duka langu la fotokopi liko Tudor, ng'ambo ya geti la chuo:
mlango mmoja, mashine mbili, moja ina kikohozi.
Jumanne ile alikuja na flashi
na barua aliyoikunja mara nne
kama mtu anayeficha deni.
"Mejumaa," akasema, "nitolee nakala mbili.
Moja nzima. Moja iliyokatwa."

Mimi sisomi vya wateja.
Lakini karatasi hutoka ingali ya moto,
na macho hayana pazia.
Dini na Dola, somo la mwaka wa tatu.
Wiki ya nne: mimbari na kura kule Marekani.
Wiki ya tano: nani alimnunulia mhubiri kipaza sauti.
Wiki ya tisa: sisi.

Barua ilitoka huko huko, kwa wafadhili,
chuo cha matofali mekundu alikosoma miaka sita
akarudi na koti ambalo Mombasa haina siku yake.
Walimwandikia kwa adabu,
adabu ya mtu anayetazamwa akiandika.
Nao wamebanwa, walisema.
Walioshika mfuko wameshika Biblia mkono wa pili,
wanapita idara kwa idara wakiuliza:
neno hili mwalitumiani?
Basi tafadhali, ondoeni yafuatayo.
Yakafuata maneno kumi na saba.
Nilidhani ni matusi.
La tatu lilikuwa "tofauti".
La kumi na moja, "wanawake".
Nikajisemea, la kumi na moja ndiye mimi,
na wino nanunua mimi.

Nami siku zote nikidhani nyasi za Tudor
ziko mbali na fahali wa kule.

"Usiwalaumu wao peke yao," akasema.
"Wiki ya tisa hawakuigusa. Hiyo imeguswa na wa hapa."
Akanitajia jina. Nalijua; limebandikwa kwenye nguzo ya stima
mbele ya duka langu, na meno yote nje.
Ijumaa yuko safu ya kwanza, kanzu imepigwa pasi hadi inakata.
Jumapili yuko Mikindani, kanisani, na bahasha ya mabati.
Jumatatu alimpigia simu naibu chansela:
kuna mwalimu anawafunza watoto wetu kumtilia Mungu shaka.
"Hakusema kunitilia mimi shaka," Ngowa akacheka, bila meno.
"Alisema Mungu."

Mimi ni mtu wa swala tano.
Nimeweka paji kwenye mkeka miaka arubaini,
na sijawahi kukuta karatasi ya kura chini yake.
Hilo sikumwambia. Nilipiga karatasi ncha, zikalingana.

Nakala iliyokatwa ikatoka na pengo:
ukurasa wa saba mweupe, namba tu chini.
"Niusukume juu," nikamwambia, "zikaribiane, pengo lisijulikane?"
Akautazama kama mtu anayetazama jino lake lililong'olewa.
"Wacha."

Nikamtoza sawa kwa zote mbili.
Mashine huhesabu kurasa, maneno haiyajui.

Wiki ya pili yake, saa kumi na moja, mvua ya rasharasha,
akaja msichana, Mwanatumu, kitabu kichwani badala ya mwavuli.
Ndani ya kitabu, ukurasa wa saba.
"Nitolee thelathini na nane. Darasa zima."
"Mwanangu, huu hauna kitu."
"Twajua."

Nikauweka kwenye mashine ya kikohozi,
ile inayotia mstari mwembamba mweusi pembeni,
hata pasipo na neno.
Zikatoka moja moja, tupu, za moto,
akazipanga kifuani zisipate mvua.

Akaomba nimpunguzie, maana wino sikutumia.
Sikumpunguzia.
Nilimwambia stima ni stima.
Lakini nilimpa mfuko wa nailoni, wa bure,
nikamfunga mara mbili.