Nyumba Isiyo na Kona

Mwalimu wa kwenye simu ana ukumbi, ana vioo,
ana mifuko minane inayoning'inia kama nyama buchani.
Simu yangu ina ufa, kwa hiyo uso wake
nusu uko huku, nusu uko kule.
Anasema: rudi kwenye kona yako.
Ninatazama.
Hema letu la sufu ni mduara.
Halina kona hata moja.

Hapa ni Chingeltei, mlimani, juu ya moshi wa Ulaanbaatar,
digrii thelathini chini ya sifuri, na bado ni Desemba.
Gunia la unga nimelijaza manyoya ya kondoo,
soksi zilizofiwa na wenzake, koti la shule la kaka Temuulen.
Pa kulitundika je?
Nguzo mbili za katikati haziguswi.
Ukizipiga, asema bibi, umempiga babu yako aliyezichonga.
Nikalitundika nje, kwenye uzio.
Kulipokucha lilikuwa jiwe.
Nililipiga mara moja.
Mara moja tu.
Wiki nzima nilishika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Basi nikajifunza kwa vilivyopo.
Bendeji: pazia kuukuu, nimelichana mikanda mirefu.
Glovu: zile za baba za kupakulia makaa ya mawe,
jozi mbili, moja ndani ya nyingine, na bado zinapwaya.
Kamba ya kuruka: singa za farasi, ya kufungia mizigo siku ya kuhama.
Ndani hairukiki. Ilinasa bomba la jiko
na masizi yakatua kwenye chai ya mama.
Saa ya raundi ni sufuria:
maziwa yakichemka, kengele imelia.
Siku nikimuudhi, mama hupunguza moto,
na raundi haiishi.

Baba alikuwa mwanamieleka. Goti lake ndilo lililomstaafisha.
Hukaa kitandani akinitazama kama anayetazama mbuzi wa jirani shambani.
"Mtu unamshika," asema, "unamlaza, unamwinua, unampangusa vumbi.
Wewe unampiga na kukimbia.
Adabu gani hiyo, Anudari?"

Nami nazunguka jiko, kidevu chini, bega juu,
upande linakozungukia jua, kama kila mtu humu ndani,
kama wageni, kama mapadri, kama maiti ya babu ilivyotolewa.
Kushoto, kushoto, kushoto.
Miezi mitatu. Zulia limekwanguka njia.

Machi, ukumbi wa shule namba sitini na moja.
Zolzaya wa mtaa wa maghorofa,
glovu zake zinanukia ngozi mpya.
Raundi ya kwanza hakunitazama uso. Alitazama miguu.
Ya pili alikwisha kuelewa:
mkono wake wa kulia ulinisubiri kushoto
kama mtu anayesubiri basi analojua saa yake.
Likafika. Likafika tena.
Mapumziko nilipewa kona, kona ya kweli,
nyekundu, yenye pembe na kigoda.
Sikujua kuikalia. Nilisimama wima nikimeza chumvi.

Usiku huo hakuna aliyeniuliza.
Jicho langu lilisema lenyewe.
Bibi alikuna ngozi. Mama aliweka maziwa motoni.
Baba akatafuna muda mrefu kitu ambacho hakikuwa kinywani,
kisha akainuka, goti likalia kama kuni,
akachukua mto wake wa kulalia, akaukumbatia kifuani.
Akapiga hatua moja
kulia.

Kinyume cha jua.
Bibi akafunika macho kwa mkono wa kanzu,
lakini vidole vyake vilikuwa na nafasi.
"Haya," akasema baba, bila kunitazama. "Nifuate huku."
Nikampiga. Akarudi nyuma, kulia.
Nikampiga. Kulia.
Miguu yangu ilikuwa ya ndama aliyezaliwa leo,
nilimkanyaga, nilikanyaga zulia mahali palipokuwa bado na maua.

Maziwa yalipanda, yakafura,
yakamwagika juu ya jiko, harufu ikajaa hema zima.
Mama aliyaona.
Hakuyaepua.