Stima Imekuja

Twalib ana kazi ya shule, na stima imepotea
Kibokoni nzima, toka kwa fundi saa hadi msikitini.
Swali la nne: Eleza asili ya neno stima.
Kandili iko baina yetu. Mbu nao wako kazini.

Andika, namwambia: ni neno la Kizungu.
Kwao ni mvuke tu, huo unaochezesha kifuniko cha birika
ukaacha jasho kwenye kioo.
Zamani zaidi, ati, lilikuwa pumzi,
au harufu inayopanda kutoka kwa kitu kinachoungua.
"Mvuke?" Acheka. "Mvuke utawashaje taa?"

Hauwashi. Neno lilishuka na meli.
Watu wa Kilindini waliona moshi, wakasikia jina,
hawakuonyeshwa ndani mna nini.
Jina wakalichukua. Mvuke wakamwachia mwenyewe.
Kisha babu yako Mbarak, kule karakana ya reli,
akaipaka grisi stima ya magurudumu,
akawa na kucha nyeusi hata siku ya Idi.
Kisha nguzo, nyaya, bili ya kila mwezi,
na neno likapanda ukutani, likatulia kwenye swichi.
Vijana wa maskani wameligeuza irabu ya mwisho:
stimu, wasema, macho mekundu, wakicheka na ukuta.
Hilo usiliandike.

Bi Mishi yuko chumba cha nje. Tulidhani amelala.
Yeye stima aijua moja:
ile iliyomchukua mamake kwenda Hija
naye ni kibogoyo wa miaka saba.
Alipewa kitambaa apunge.
Akapunga, ngazi ikavutwa, akapunga,
mkono ukaingia ganzi, akabadili mkono.
Barua ilifika kutoka Jidda, fupi,
kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Twalib ameandika mistari miwili, sasa atafuna kalamu.
Mara feni yakohoa. Jokofu laguna.
Na mtaa mzima, watoto, wauza viazi karai,
hata yule jirani asiyesemeshana na mtu,
wapiga ukelele mmoja:
"Stima imekujaaa!"

Chumba cha nje kitanda chalia.
Bi Mishi amekaa kitako, apapasa leso yake,
ajitanda vizuri kama mtu anayetoka.

"Nani kashuka?" auliza.

Twalib anatafuta raba.