Zidaka

Ukutani, nyanya alipopanga sahani za Kichina,
leo zimekaa kompyuta tatu.
Ya Famau: kioo kimepasuka, ubongo mzima.
Ya pili ilikuwa ya duka la picha pale Langoni,
tuliipata kwa deni la mahamri.
Ya tatu ya marehemu baba: kitufe cha B hakibonyezeki,
na huku kila jina la kwetu lina Bin au Binti.

Waya mita sita, swichi kuukuu, feni ya mezani.
Elfu mbili mia tatu,
na hamsini ya punda.

"Moja ikizima?" akauliza mama.
"Zilizobaki zinajua alichobeba mwenzao."
Akanyamaza.
Ndivyo tulivyoishi sisi watatu, mwaka ule wa matanga.

Usiku stima ikakatika Mkomani nzima.
Iliporudi, kijitaa cha kijani kidakani,
kisha cha pili.
Cha tatu kikachelewa, kama baba kuamka alfajiri;
tukasimama tukikihesabia,
mama kidole mdomoni,
kikawaka.

Humo mna hati ya shamba, picha za harusi ya Somoe,
na sauti ya nyanya
akimkemea paka.