Muhtasari

Waliniomba niandike kwa sababu herufi zangu hazilewi.
Daftari la kijiji, jalada jeusi, kona zimeliwa na mende,
ukurasa wa themanini na mbili:
Kikao cha kupokea maoni ya wananchi
kuhusu kibali cha vizimba vya samaki, mwalo wa Bukalamo.
Kimefunguliwa saa nne.
Tuliitwa saa mbili. Hilo halina safu yake.

Waliohudhuria, mia moja na kumi na saba.
Karatasi ya mahudhurio ilitangulia maneno,
ikapita mkono kwa mkono pamoja na maji ya chupa,
na Milembe, vidole bado vina magamba ya dagaa,
akauliza kabla hajatia dole gumba:
"Hapa nasema nimekuja, au nasema nimekubali?"
Watu wakacheka. Mtendaji akacheka kuliko wote.

Mtaalamu kutoka Mwanza, viatu vimejaa mchanga,
akabandika ramani kwenye ukuta wa darasa la nne.
Ziwa lilikuwa zuri humo, buluu, limenyooka,
halina matete, halina harufu,
na katikati miraba sitini na minne
imepangwa kama vyumba vya gesti.
Akasema ajira. Akasema mapato ya ndani.
Akasema eneo liko wazi.

Bwire Magesa akasimama, fundi wa mitumbwi,
ambaye mdomo wake kutwa ni ghala la misumari.
"Hapo palipo wazi pana jina," akasema.
"Ni Nyakasenge. Sato hutaga hapo mvua za vuli zikianza.
Baba alimzaba kaka yangu kofi mbele za watu
kwa kutupa wavu Nyakasenge.
Mwenye kampuni, yeye atazabwa na nani?"
Nikaandika:
Mwananchi mmoja alitaka kujua kuhusu mazalia.

Ndivyo tulivyofundishwa. Unakamua ndoo nzima ya maneno,
unabakiza kijiko.

Nyanzobe akauliza mitumbwi ya karabai izungukie wapi usiku,
na petroli ya huo mzunguko inatoka mfuko gani.
Suala la njia lilijadiliwa.
Kijana wa bodaboda akauliza kama walinzi wa vizimba
watakuwa na bunduki.
Usalama ulisisitizwa.
Minza hakuuliza kitu. Alisema tu
kwamba mwaka ule wa kibali cha mchanga
tuliitwa hivi hivi, tukanywa soda hivi hivi,
na leo choo cha shule kinaning'inia juu ya shimo.
Kalamu ikasita.
Mengineyo.

Saa saba, pilau limeshanukia,
Mtendaji akanivuta pembeni, akafungua bahasha.
Ndani mlikuwa na muhtasari. Umechapwa, una tarehe ya leo,
una hata saa ya kufunga, saba na nusu.
Wananchi waliridhia kwa kauli moja.
"Nakili tu," akasema. "Mwandiko wako ndio wanaouamini."

Mimi si shujaa. Nina mkopo wa kikundi,
nina binti anayesubiri sahihi ya huyu huyu Mtendaji
kwenye fomu ya chuo.
Nilikaa na kalamu mpaka kiganja kikalowa.
Nikasoma kauli moja,
nikatafuta ilikuwa kauli ya nani.

Kisha nikarudi juu, nje ya mstari mwekundu,
pale ambapo walimu walitukataza kuandika,
nikaanza kwa herufi ndogo:
Milembe aliuliza. Bwire alisema.
Nikaandika Nyakasenge. Nikaandika kofi, nikaandika choo.
Pembezoni pakajaa, nikalizungusha daftari kama usukani
nikaendelea.

Nje, Milembe alikuwa anageuza dagaa wake chanjani
kabla jua halijawaunguza,
bado anagombana na ramani, peke yake, kwa sauti.

Nikashuka mpaka chini panapodai saa.
Nikaandika: Kikao hakijafungwa.