Nyanya za Ilula

Meno tuliyachonga kwenye kifuniko cha dumu.
Damu: nyanya za Ilula, sukari, rangi ya keki.
Ukungu hatukuulipia,
Mufindi inao wa kumwaga,
unashuka kwenye chai alfajiri bila kuitwa.

Pesa iliishia kwenye mafuta ya jenereta.
Kastori, mwenye kamera, akasema:
"Mwanamke mnyonya damu lazima afe.
Anayeng'atwa apige kelele. Basi, watu wakalale."

Anayeng'atwa ni mimi.

Atuganile akaja katikati ya michai,
buti za mvua chini ya shela la kukodi,
akaniinamia shingoni,
vidole baridi, vinanukia vitunguu,
na kelele haikutoka.
Nilishusha kola ya sweta.

"Rudia!" Lakini betri ilikuwa imekata.
Ikabaki hivyo.
Kifo chake tulikipiga kwa simu, usiku.

Mafinga, banda la video, mia tano mlangoni.
Mfasiri akashika kipaza sauti,
akatuokoa, au akatuzika, sijui:
"Mtu na dada yake hao! Walipoteana utotoni!"
Watu wakacheka. Mama mmoja akanong'ona: mumiani.
Kilipofika kifo, kioo kikawa cheusi tii.
"Ameshakufa!" akatangaza mfasiri.
Nani aliona?

Benchi la nyuma,
wauza mkaa wawili, wanawake, blanketi moja.
Hao hawakucheka.
Mmoja alikuwa ameshusha kola,
na baridi ile ya Juni.