Shimo la Langoni

Emőke aliniachia mbwa, funguo mbili,
na karatasi kwenye mlango wa jokofu:
Anakula mara mbili. Usimpe mifupa ya kuku.
Habari ya kuchimba hakuiandika.

Mbwa mwenyewe mrefu kama benchi, miguu kama ya kochi,
jina lake Mogyoró, kwa ile rangi ya kokwa zilizokaangwa.
Mababu zake walizalishwa ili wamfuate nyegere
hadi chumbani kwake, gizani, wambishie kwa meno.
Na udongo wa Kecskemét ni mchanga, hauna ubishi;
ukiuambia funguka, unafunguka.

Asubuhi ya kwanza, vitunguu.
Ya pili, tulipu nilizozipanda Oktoba
kwa magoti yanayolia kama bawaba.
Ya tatu, chini ya mti wa aprikoti, shimo la haja,
nami na ndoo yangu ya maji tukatumbukia.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema.
Hapa kachimba mwingine, nimeingia mimi.

Nikatangaza vita.
Nilijaza mawe; akahama hatua mbili kushoto,
kwa adabu, kama ampishaye mgonjwa kwenye foleni.
Nikanyunyiza paprika, ile kali, kijiko cha supu kila shimo;
akapiga chafya saba, nilizihesabu,
akaendelea, pua nyekundu kama mhunzi.
Maganda ya machungwa aliyala.
Wavu wa kuku niliulaza chini ya mawaridi
ukamchana ukucha, ukamtoa damu,
nikaung'oa usiku uleule kwa tochi,
nikimbembeleza kwa maneno
ambayo sijamwambia mtu tangu nistaafu reli.

Nilimfokea pia. Naliandika ili nisijisahaulishe.
Alilala chali, akanionyesha tumbo lenye udongo,
nikajiona mkubwa, mkubwa vibaya.

Etelka, wa upande wa pili wa ua, akauliza:
"Unamtembeza hadi wapi?"
"Hadi duka la mikate."
"Huyo si mbwa wa mkate, Benedek.
Mpe kazi. Mpe mahali pake.
Ukimnyima pote, atachukua pote."

Basi nikashusha darini kitanda cha utoto cha Emőke,
mbao nne, zingali na nyota za kubandika,
nikazipigilia misumari kivulini, zikawa sanduku.
Torori sita za mchanga.
Ndani nikafukia mfupa wa ng'ombe, na soksi.
Mogyoró akalitazama sanduku
kama mgeni aliyealikwa harusi asiyoijua bwana wala bibi.

Nikapiga magoti, nikachimba mimi.
Kwa mikono miwili, mchanga ukirukia nyuma kati ya mapaja,
miaka sitini na minane, na suruali ya Jumapili.
Etelka akachungulia, akaingia ndani,
akarudi amevaa miwani.

Nilipoufikia mfupa, pua baridi iligusa kiwiko changu.
Akachimba kando yangu, bega kwa bega,
bega lake likiishia kwenye mkono wangu.
Nilisema "vizuri", na sauti ikanisaliti kidogo.

Siku hizi tunatembea mara mbili, hadi relini na kurudi,
naye huchimba sandukuni mpaka ulimi ulegee.
Wakati wa joto hulala humohumo, tumbo kwenye mchanga wa chini.
Kumbe mengine yalikuwa hayo tu: kutafuta baridi.
Vitunguu vimeota. Vimepinda, lakini vimeota.

Limebaki moja, langoni,
pale lilipogeukia gari la kwenda Vienna.
Hulichimba Jumapili usiku, baada ya simu,
akishaisikia sauti yake ikitoka kwenye kile kisanduku cha jikoni,
akishazunguka nyuma ya meza kumtafuta, asimwone.

Nililifukia mara tatu.
Sasa naliacha.
Tarishi ameulizia. Nimemwambia aruke.